Mtoto Asiyekuwa Kwenye Daftari

Barua ya askofu ilisomwa kanisani Jumapili ya pili ya Septemba, mwaka 1903, baada ya mahubiri. Padri Fairhead aliisoma kwa sauti ile ile aliyotumia kutangaza ndoa. Ilisema kwamba kanisa letu la Mtakatifu Margareti, hapa Saltham, lisitumike tena kwa ibada baada ya Krismasi. Kwamba kengele zishushwe, birika la ubatizo litolewe, na wafu waliolala upande wa bahari wahamishiwe kwenye kiwanja kipya kando ya barabara ya Norwich, maili moja na nusu kutoka pwani. Halafu ikataja ni wafu gani: walioandikwa kwenye daftari la mazishi la parokia, na ambao jamaa zao wangeomba kwa maandishi.

Hakuna aliyeshtuka. Bahari ilikuwa inatula tangu enzi za babu zetu. Genge letu, ukingo huu wa juu ya bahari, si la mwamba, ni la mchanga na udongo, na likishiba mvua huondoka kipande kizima, kama mkate unaokatwa. Yalikwenda mashamba, ikafuata njia ya chini na nyumba zake kumi na moja, kisha ghala la zaka. Siku ile, watu walipotawanyika, nilipima kwa hatua kutoka ukuta wa mashariki, nyuma ya madhabahu, hadi ukingoni. Zilikuwa hatua kumi na tisa.

Mimi ni Ellis Mobbs, seremala, na mwaka ule nilikuwa mmoja wa wazee wawili wa kanisa. Nisijifanye kwamba tulikuwa watu wa sala sana. Wanaume wa Saltham walisinzia kwenye mahubiri, na wengine jioni walikwenda kuimba na Wamethodisti kwa sababu kule kulikuwa na jiko la makaa. Lakini kanisa ndilo lililotufanya kijiji. Mle ndimo tulimobatizwa na kutangazwa ndoa. Mlangoni pake wajane walipewa mkate kila Ijumaa, kwa wasia wa mtu aliyekufa miaka mia tatu iliyopita. Mnara wake ulikuwa alama ya meli. Na ndani ya kasha la mwaloni, chini ya ngazi za mnara, yalikaa madaftari yenye jina la kila mtu: amebatizwa, ameoa, amezikwa. Ambaye hakuwa mle alikuwa kama hakupita duniani.

Jumatatu watu walianza kuja kwenye karakana yangu kuagiza masanduku ya mifupa ya wazee wao. Wa nne au wa tano alikuwa Thirza Kerrison.

Thirza alikuwa mjane wa miaka hamsini na minne, mrefu, mkavu, wa maneno machache. Ndiye aliyefua kanzu za waimbaji na vitambaa vya meza ya Bwana, na ndiye aliyepiga deki sakafu ya kanisa kila Jumamosi kwa miaka ishirini. Mumewe, Reuben, alikuwa mtunza farasi, na kichomi kilimchukua. Hawakuwa na mtoto. Ndivyo nilivyojua mimi.

Alisimama mlangoni akatanua mikono yake kidogo, upana wa mtu anayebeba paka. Akasema anataka sanduku la kiasi kile. Nikamuuliza ni la nani.

"La mwanangu," akasema.

Akanisimulia akiwa amesimama vile vile. Julai ya mwaka 1872 alijifungua mtoto wa kiume, akaishi tangu alfajiri mpaka adhuhuri. Alipoanza kubadilika rangi, Reuben alikimbia kumwita padri wa wakati ule, Padri Harcourt, aje ambatize. Lakini nyumbani kwa Padri Harcourt, maana mapadri wetu huoa, mke wake mwenyewe alikuwa anakata roho. Mjakazi akatumwa mlangoni kusema kwamba padri atakuja baadaye. Ilipofika hiyo baadaye, mtoto alikuwa ameshapoa.

Na kwa kuwa hakubatizwa, kitabu cha sala hakikuruhusu asomewe mazishi. Padri Harcourt alikuwa mtu wa kushika sheria kwa herufi. Akakataza mtoto asizikwe pamoja na wengine, wala asiandikwe. Jabez Larter, mchimba makaburi, ndiye aliyekuja kumchukua, ndani ya kisanduku ambacho Reuben alikigongomea kwa mbao za hori. Alipomaliza alirudi akamwambia Thirza: yuko upande wa kaskazini, nje ya mstari, hatua tatu kutoka pembe ya ukuta, chini ya mti wa miiba. Jiwe lisiwekwe. Kwa miaka thelathini na moja Thirza alikuwa anapita pale, na hii ishirini ya mwisho akiwa na ndoo yake baada ya kupiga deki, na sisi wote tulidhani anakwenda kumwaga maji machafu.

Upande wa kaskazini ndiko genge lilikokuwa linakuja kwa kasi zaidi.

Aliniomba nifuatane naye kwa padri, kwa kuwa mimi ni mzee wa kanisa. Padri Fairhead alitupokea sakristia, chumba chake cha mavazi ya ibada. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu, mtu wa mjini, mpole, mwenye kikohozi. Alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akasema, kwa huzuni, kwamba kibali cha askofu kimetaja daftari, na kufukua pasipo kibali ni kosa la kushtakiwa. Angeandika barua kuuliza. Jibu lingechukua wiki, pengine miezi.

Kisha akauliza jambo ambalo nadhani atalijutia maisha yake yote. "Na siku ile hakuna aliyemmwagia maji? Mkunga, au wewe mwenyewe?"

"Mimi, Padri?"

"Mtoto akiwa katika hatari ya kufa, Mkristo yeyote anaweza. Ni maji tu na jina la Baba na la Mwana na la..." Akakatiza, kwa sababu alikuwa ameuona uso wa Thirza.

Thirza alishika ukingo wa meza. "Kulikuwa na kikombe," akasema. "Kilikuwa pale pale kwenye kiti. Nilikuwa nakunywa."

Padri akaanza kuomba radhi. Thirza hakumsikia.

"Hakuna aliyetuambia," akasema. "Kila Jumapili tulikuja. Tuliambiwa tufute viatu. Tuliambiwa tusikohoe. Hilo moja hakuna aliyetuambia."

Akatoka. Jumamosi ile hakuja kupiga deki, mara ya kwanza katika miaka ishirini, na Jumapili tulipiga magoti kwenye mchanga ambao upepo uliuingiza kwa chini ya mlango.

Siku ya Jumatatu padri alipita karakana. Alishika randa yangu, akaigeuzageuza kama mtu anayetaka kuinunua, akasema kesho atakuwa Norwich kwa mambo ya kengele. Keshokutwa pia. Yanachukua muda, mambo ya kengele. Nikamwambia nimeelewa, naye akaondoka bila kuniangalia.

Jumanne asubuhi Thirza na mimi tulikuwa chini ya mti wa miiba na sepetu mbili. Mvua ilikuwa imenyesha siku tano, na ukingo ulikuwa umesogea mpaka hatua nne kutoka pale tulipochimba. Tulikwenda futi tatu, tukakuta mizizi. Futi nne, udongo wa bluu ambao haujaguswa tangu uumbwe. Tukapanua. Adhuhuri shimo lilikuwa na urefu wa mkokoteni na hatujapata kitu ila mfupa mmoja, nao ulikuwa wa mbwa. Thirza aliuchukua, akautazama pande zote, akauweka juu ya majani taratibu.

Nilimwambia ukweli kama seremala. Mtoto mdogo vile, baada ya miaka yote hiyo, huenda ardhi imemmaliza, na mbao pia.

"Misumari," akanijibu. "Reuben alipiga misumari minane. Nilikuwa kitandani, niliihesabu. Nitafutie misumari, Ellis."

Jumatano tulitafuta misumari. Alikuwa anavunja kila bonge la udongo kwa vidole. Kucha zake zilitoka damu na hakujali. Kama saa tisa alasiri nilisikia mlio mdogo chini ya miguu, nikamvuta kwa nyuma ya sketi, tukaangukia upande wa ukuta. Mti wa miiba uliinama kama mtu anayesalimia, ukaenda. Shimo letu likaenda nalo, na lundo lote la udongo ambalo tulikuwa hatujalichambua.

Nilidhani atapiga kelele. Alitambaa hadi ukingoni akatazama chini, ambako mawimbi yalikuwa yanageuka rangi ya chai. "Nilikuwa nimesimama juu yake," akasema. "Nimempoteza nikiwa nimesimama juu yake."

Kuanzia siku hiyo aliishi ufukweni. Alichukua chekecheke ya jikoni, akawa anachekecha matope chini ya genge lile lile ambalo lingeweza kumfukia wakati wowote. Maji yakijaa alipanda, yakipungua alishuka. Mke wangu, Lydia, alimpelekea supu ya mbaazi na madonge ya unga, akamkuta ameviacha vya jana vipoe na kuliwa na ndege. Lydia alimsihi. Thirza akamwambia hawezi kula, kwa sababu akila atalala, na akilala maji yatakuja. Siku ya nne midomo yake ilikuwa imepasuka na alikuwa anachekecha mchanga mtupu, ule ule, mara mbili mbili.

Sikuweza kuvumilia zaidi. Nikaenda Hemsford, kijiji cha pili, kumtafuta Mzee Jabez.

Alikuwa na miaka themanini na minne, amelala chumba cha nyuma nyumbani kwa binti yake, na akili yake ilikuwa inakuja na kwenda. Aliponiona alitabasamu kwa ufizi.

"Umekuja kunipima, fundi? Nimesinyaa. Utaokoa ubao."

Nikamwambia si yeye niliyemfuata. Nikamweleza habari ya barua, na mti wa miiba, na chekecheke. Kisha akaniuliza kama Padri Harcourt amekufa kweli.

"Miaka kumi na miwili sasa," nikasema. "Kaburi lake ulilichimba wewe, Mzee."

"Mimi?"

"Wewe mwenyewe."

Akacheka kidogo, kisha machozi yakaanza kumtoka, ya mzee, yasiyo na sauti. "Mwambie aache kuchekecha," akasema. "Mtoto hayuko kaskazini. Hajawahi kuwa kaskazini hata siku moja."

"Yuko wapi basi?"

"Yuko na mama. Mke wa padri." Alifuta pua kwa shuka. "Kaburi la yule mama nilikuwa nimeshalichimba, futi sita, mazishi kesho yake. Na mimi nimesimama na kile kisanduku mikononi, chepesi kama mkate. Nikashuka, nikachimba futi moja zaidi. Nikamlaza, nikamfunika, nikakanyagia vizuri. Kesho wakaja na maua yao na makasisi watatu. Wakasoma maneno yote kutoka kitabuni, hakuna waliloacha. Nikajisemea moyoni, haya, wasome. Maneno yanashuka chini, hayajui pa kusimama."

Nilimuuliza kwa nini hakumwambia Thirza.

"Angekwenda kulia pale. Mke wa mtunza farasi analia kwenye kaburi la mke wa padri, kwa nini? Harcourt hakuwa mjinga. Angenifukuza, na nilikuwa na watoto saba. Halafu Harcourt akafa, ndiyo, lakini nilishaona aibu. Kila nikimwona pale kwenye miiba najiambia leo namwambia. Leo namwambia." Akageuza uso ukutani. "Mwambie ni upande wa kichwani. Kisanduku kiko upande wa kichwani."

Nilimkuta Thirza amepiga magoti kwenye maji ya kufika mapajani. Nilimweleza yote, naye akasikiliza huku bado ameshika chekecheke. Hakulia. Aliuliza jambo moja tu.

"Walisoma maneno yote?"

"Jabez anasema yote."

Akatoka kwenye maji, akakaa kwenye mchanga uliolowa. Baadaye akaniuliza genge limefika wapi upande ule wa mke wa padri. Nilikuwa nimepima asubuhi. Kaburi la Bi Harcourt lilikuwa nyuma ya madhabahu, mahali pa heshima, karibu na ukuta wa mashariki. Kutoka pale hadi ukingoni, baada ya mvua ile, zilikuwa zimebaki hatua tano.

Bi Harcourt alikuwa kwenye daftari. Lakini jamaa hawakuomba. Mwanawe pekee alikuwa mkulima huko Kanada, na barua ya kwenda na kurudi ingechukua zaidi ya mwezi. Tena mjenzi wa dayosisi alikuwa ameshafunga kamba kuzunguka upande ule wote, na kibao kinachokataza mtu kupita, kwa sababu ukuta ulikuwa na ufa wa kuingia mkono. Nilikwenda kwa Padri Fairhead nikijua atakachosema.

Aliisoma tena barua ya askofu, mara mbili, kidole kikifuata mistari. Kisha akachukua karatasi na kalamu.

"Thirza anajua kuandika?"

"Jina lake tu, Padri."

"Linatosha." Akaandika maombi ya jamaa, kwa mwandiko mzuri, ya kumhamisha marehemu Caroline Harcourt, na chini akaacha nafasi ya sahihi. Mimi nikasema kwamba Thirza si jamaa. Akaniangalia, na kwa mara ya kwanza sikuona upole wowote usoni mwake. "Aliyekaa na mtoto wako miaka thelathini na moja ni jamaa yako. Askofu akiuliza, nitamjibu mimi. Wewe tafuta kamba."

Tulikwenda Ijumaa asubuhi, watatu tu, kwa kuwa padri hakutaka kumhatarisha mtu mwingine. Upepo ulikuwa wa kaskazini mashariki na mawimbi yalikuwa yanapiga mguu wa genge, unayasikia kwenye meno. Padri alivua koti akachimba kwa shati. Udongo tuliurundika upande wa ukuta ili usiongeze uzito ukingoni. Hilo nilidhani ni busara.

Jeneza la Bi Harcourt lilikuwa limeoza likabaki alama. Nilimtoa kipande kwa kipande kwa mikono yangu, na kitana cha pembe kilichokuwa kichwani mwake, na pete, nikamweka ndani ya sanduku jipya nililomtengenezea kwa mbao za msonobari. Padri aliomba sala fupi. Kisha nikatafuta mahali pa kuliweka sanduku. Upande wa ukuta ulikuwa umejaa udongo. Nikaliweka upande wa pili, juu ya majani, upande wa bahari. Nilisema moyoni ni kwa dakika chache tu.

Thirza hakukubali mtu mwingine ashuke. Aliingia mwenyewe kwa kamba, akachimba upande wa kichwani kwa mikono. Tulimsikia anapumua. Kisha akasema, "Msumari." Kisha, "Mwingine." Na baadaye mabega yake tu yalikuwa yanakwenda taratibu zaidi na zaidi. Udongo ule wa bluu ulikuwa umekihifadhi. Kisanduku kilitoka kizima, cheusi, kinatiririka maji, na kifuniko chake kimeshikwa na kutu ya misumari yote minane. Hakukifungua. Alikiweka shavuni mara moja, kisha akamnyooshea padri.

Padri alipokipokea tu, ardhi ikachanika. Ni mlio wa kitambaa kinachochanwa, si wa kitu kinachoanguka. Mstari ulitokea kwenye majani, kati ya shimo na lile sanduku la msonobari, ukapanuka mbele ya macho yangu. Nilikuwa na mikono miwili. Sanduku lilikuwa hatua mbili kushoto. Thirza alikuwa ndani ya shimo, bado amenyoosha mikono juu. Nikainama nikamshika chini ya makwapa nikavuta kwa nguvu zangu zote, na padri akakimbia na mtoto. Ubavu wa shimo wa upande wa bahari ukafunguka kama droo, na sanduku la Bi Harcourt likateleza, halikupinduka, likaenda limekaa wima mpaka likatoweka. Ilipita muda kabla hatujasikia chochote.

Tulilala kwenye majani karibu na lango. Nilitazamia Thirza ataomba apewe mtoto wake. Aliinua kichwa akatazama huku na huku.

"Yule mama yuko wapi?"

Nikafuta matope usoni.

"Ellis. Yule mama umemweka wapi?"

Nikaonyesha. Alirudi kwa tumbo mpaka ukingoni, na mimi na padri tukamshika miguu. Chini kulikuwa na matope na povu. Ndipo alipolia, mara ya kwanza tangu barua ile isomwe, kilio ambacho kilimtikisa mpaka sisi tuliomshika tukatikisika.

"Alimlalia juu miaka yote," alikuwa anasema. "Alimlalia juu asinyeshewe. Na mimi nimemwacha nje kwa dakika moja."

Nilimwambia si yeye aliyemwacha, ni mimi. Sidhani kama alisikia.

Tulimzika mtoto Jumapili alasiri kwenye kiwanja kipya. Padri Fairhead alisoma maneno yote ya kitabu, hakuacha hata neno, na huo ulikuwa uamuzi wake. Kisha akafungua daftari juu ya goti lake pale pale makaburini akamuuliza Thirza jina. Hakuwahi kulitamka mbele ya mtu, hata mbele ya Reuben. Alilisema chini chini na padri akamwomba arudie. Silas. Akaandika: Silas Kerrison, wa parokia hii, umri nusu siku.

Mzee Jabez alifariki wiki mbili baadaye. Binti yake alisema hakuuliza mambo yalivyoishia. Ibada ya mwisho ilikuwa Jumapili ya tatu ya Majilio, kabla ya Krismasi, watu wamesimama na makoti, mishumaa haiwaki kwa upepo. Ukuta wa mashariki ulianguka Januari, paa likafuata Machi. Padri alipata barua kutoka kwa askofu. Hakunionyesha, lakini kabla ya Pasaka alihamishiwa kwenye parokia ya wachimba makaa huko kaskazini, na kikohozi chake kile.

Thirza hajaacha kushuka ufukweni. Maji yakipungua anakwenda na aproni yake, na anachokiokota anakileta karakana. Ni mifupa ya watu wengi sasa, wote ambao hakuna jamaa aliyewaombea. Wa kwanza aliponiletea nilimuuliza ni wa nani. Akasema hajui, ni mtu. Nawatengenezea sanduku likijaa, na kasisi mpya anawasomea. Kitana cha pembe hatujakiona, wala pete, na pasipo hivyo hatutajua kama Bi Harcourt yumo kati ya hao au la.

Kwenye msalaba wa Silas aliniagiza nichonge na jina la Caroline Harcourt chini yake. Kasisi mpya alisema si sawa, kwa sababu mama huyo hayupo hapo. Thirza alimjibu kwamba anajua. Nikalichonga.

Mwezi uliopita barua ilifika kutoka Kanada. Mwana wa Bi Harcourt alikuwa amesikia habari za genge, naye anaomba, ikiwa hatujachelewa, mama yake ahamishwe. Kasisi aliniletea mimi nijibu, kwa kuwa nilikuwepo. Nimeanza mara nne. Thirza anasema niandike ukweli, kwamba tulimtoa salama, na kwamba ni mimi niliyemweka upande wa bahari, na ni yeye aliyekuwa ndani ya shimo. Anasema ataweka sahihi yake chini ya yangu. Karatasi iko hapa mezani, chini ya randa, na nje naona maji yameanza kupungua, naye anapita barabarani na aproni yake. Nitamfuata, halafu nirudi niandike.